Darubini Itakayodumu Kwenye Bunduki Kubwa Yenye Breki ya Mtutu: Mwongozo Kamili

Nyati yule tulimfuata siku mbili, kusini ya Sikonge, ndani ya miombo iliyokwisha kuungua. Aliyempiga alikuwa mzoefu wa bunduki. Jioni ya kwanza kambini aliweka risasi tatu ndani ya duara la kisoda kwa mita 100, sote tukaona. Siku ya tatu, kwa mita 70, mnyama akiwa amesimama ubavu, risasi ikaenda tumboni. Tulipommaliza na kurudi kambini nililaza ile bunduki kwenye mifuko ya mchanga nikaipiga mwenyewe. Risasi ya kwanza ilitua sentimita 20 kushoto. Ya pili ilitua mbali na ya kwanza, na ya tatu mbali na zote mbili.

Darubini ile ilikuwa na thamani ya pikipiki mbili mpya. Bunduki ilikuwa ya risasi kubwa aina ya .375 H&H yenye breki mdomoni mwa mtutu, yaani kipande chenye matundu ya kugeuza gesi ya risasi, na mwenyewe aliniambia kwa moyo safi kwamba aliifunga breki ili darubini isiumie.

Imani hiyo nimeikuta kwa wageni na kwa wenyeji wenye vibali vyao, na inaumiza wanyama bure. Kazi yangu hapa Tabora ni kufunga na kupima darubini kabla bunduki hazijaenda porini msimu wa Julai unapofunguliwa. Haya ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza anunue ipi.

Kwanza, elewa breki inafanya nini

Bunduki inapofyatuliwa, risasi inakwenda mbele na bunduki inarudi nyuma. Kurudi huko kunaanza risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Kwa .30-06 ya kawaida nguvu ya teke ni kama joule 28. Kwa .375 H&H ni karibu joule 50, na kwa .416 Rigby inafika 80 hivi. Darubini imefungwa juu ya chuma kinachoruka nyuma, kwa hiyo nayo inavutwa nyuma kwa ghafla.

Breki inaingia kazini baada ya risasi kutoka. Gesi inayoifuata risasi inagonga kuta za matundu ya breki na kuisukuma bunduki mbele. Bunduki iliyokuwa ikikimbia nyuma inakamatwa ghafla. Bega lako linapumzika, kwa sababu breki nzuri inaweza kupunguza teke kwa theluthi hadi nusu. Ila bega ni nyama, linahisi jumla ya msukumo. Darubini ina lenzi, springi na mrija mwembamba ndani yake, na vitu hivyo vinahisi kila mshtuko peke yake.

Fikiria umesimama ndani ya basi la Urambo. Dereva akiondoka kwa kishindo unalala nyuma. Kabla hujajishika, anafunga breki na unarushwa mbele. Anayeanguka mara nyingi huangushwa na mshtuko huu wa pili, maana mwili wake ulikwisha kuegemea upande mmoja. Ndani ya darubini ni hivyo hivyo, isipokuwa yote mawili yanatokea ndani ya milisekunde chache.

Wenye bunduki za upepo za springi wanalijua jambo hili zamani. Pistoni ya bunduki ile ikianza safari yake mbele, bunduki inarudi nyuma kidogo. Pistoni ikifika mwisho, bunduki inavutwa mbele. Bunduki ndogo ya kupigia njiwa, isiyo na teke la maana, inavunja darubini iliyovumilia .30-06 miaka mingi. Darubini nyingi zilitengenezwa zikitegemea mshtuko wa upande mmoja tu. Kwa hiyo ukiona mtengenezaji ameandika kwamba darubini yake inafaa kwa bunduki za upepo za springi, hiyo ni dalili njema hata kwa mwenye .416.

Pili, amua kama breki inabaki

Hili watu hulipita haraka, nami naomba usilipite.

Sauti ya bunduki kubwa inavuka desibeli 150, na kuanzia 140 sikio linaweza kuharibika kwa mlio mmoja. Breki inageuza mlipuko ule pembeni na nyuma, yaani kwa watu. Porini kwetu hakuna anayewinda nyati peke yake. Kuna mwindaji bingwa begani kwako, mfuata nyayo mita moja mbele au kando, askari wa wanyamapori na mbeba maji. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kambini, aliyefuata nyayo tangu mimi sijazaliwa, aliniambia, "Mwanangu, sikio hili la kulia halisikii tena ndege wa asali. Waambie wageni wako watoe hicho kitu." Kwa mtu wa Unyamwezi kutomsikia ndege wa asali, yule anayeongoza watu kwenye mzinga, ni hasara kubwa.

Ushauri wangu ni huu: breki itumike uwanjani unapopiga risasi nyingi za mazoezi, ukiwa umeziba masikio. Ukienda porini ifungue na uvishe kile kifuniko cha nyuzi za skrubu mdomoni mwa mtutu. Ukifanya hivyo kumbuka mambo mawili. Kutoa breki kunabadilisha mahali risasi inapotua, kwa hiyo lazima upige upya na uweke shabaha upya bila breki kabla ya safari. Na darubini yako sasa lazima iwe imara kwa njia zote mbili, kwa mshtuko wa mbele uwanjani na kwa teke zima porini.

Kama afya ya bega au shingo inakulazimisha kubaki na breki, baki nayo, lakini nunua vizibo vya masikio kwa ajili ya kila aliye kando yako na uwaonyeshe namna ya kuvivaa. Usilale chini kupiga ukiwa na breki kwenye vumbi la Septemba, kwani wingu lile litaficha mnyama na kuingia machoni mwa wote.

Tatu, chagua darubini yenyewe

Anza na uzito. Nilifanya hesabu ya .375 yenye kilo nne na nusu. Kwa muda risasi ikiwa ndani ya mtutu, darubini ya gramu 500 inazivuta pete zinazoishika kwa nguvu ya wastani wa karibu kilo 140. Darubini ya gramu 900 inavuta kwa kilo 260 hivi. Ndipo breki inapogeuza mambo. Kila gramu uliyoongeza inageuka kuwa nyundo dhidi ya skrubu zako na dhidi ya springi za ndani. Kwenye bunduki ya aina hii sifungi kitu kinachozidi gramu 600 kama nina hiari.

Uzito mdogo unakupeleka moja kwa moja kwenye ukuzaji mdogo, na hilo ni jema. Nyati wanapigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100. Palahala na korongo, wale swala wakubwa wa miombo, hawahitaji zaidi ya mara sita. Darubini ya ukuzaji wa 1 hadi 4, 1.5 hadi 5, au 1 hadi 6, yenye lenzi ya mbele ya milimita 20 au 24, ina mrija ulionyooka bila kichwa kilichovimba. Inakaa chini karibu na mtutu, na haina kichwa kizito kinachoning'inia mbele ya pete na kuvuta kila mara bunduki inapokatwa mwendo. Zile za 5 hadi 25 ziache kwa wapiga shabaha wa mbali. Darubini ya mgeni wetu wa Sikonge ilikuwa ya namna hiyo.

Sasa ndani. Ukifungua darubini utakuta mrija mdogo ndani ya mrija mkubwa. Huo mdogo unashika lenzi zinazogeuza picha, na kwa nyingi unashika pia msalaba wa kulengea au uko jirani nao. Nyuma umeshikwa na kiungo, mbele unasukumwa na skrubu za vile vifundo viwili vya kurekebishia, na upande wa pili kuna springi inayoukandamiza dhidi ya skrubu hizo. Hapo ndipo darubini zinapofia. Springi dhaifu inaruhusu mrija uruke na kurudi mahali pengine. Muuzaji akikuonyesha ung'avu wa kioo muulize kuhusu springi: ni ngapi, na mtengenezaji anaahidi kuvumilia bunduki gani. Mtengenezaji anayejiamini anaandika wazi kwamba bidhaa yake imepimwa kwa teke la bunduki kubwa na kwa mshtuko wa pande zote mbili. Anayesema tu "haivunjiki" hajasema kitu.

Msalaba uliochongwa kwenye kioo hauna uzi wa kukatika, ila vumbi likiingia ndani utaliona juu yake. Msalaba wa waya ni mwepesi, na ukitengenezwa vizuri unadumu. Zote mbili nimeziona zikifanya kazi. Hilo lisikunyime usingizi.

Kila kinachosogea ndani ni mgonjwa mtarajiwa. Kifundo cha tatu cha kurekebisha paralaksi, yaani msalaba kuonekana kuhama jicho likisogea, kinaongeza lenzi inayotembea. Kwa mita 50 hadi 150 hukihitaji. Vifundo virefu visivyo na kifuniko vinagongwa na matawi na kuzungushwa na mfuko wa bunduki bila wewe kujua. Chukua vyenye kofia. Taa ya nukta katikati ya msalaba ni kitu ninachokikubali pamoja na betri yake, maana nyati mweusi kivulini saa kumi na moja na nusu jioni anameza msalaba mweusi. Lakini hakikisha msalaba unaonekana vizuri taa ikiwa imezimwa.

Nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma unapoona picha nzima, isipungue milimita 90, na ipime kwenye ukuzaji wa juu kabisa kwa sababu ndipo inapopungua kwa nyingi. Usiseme breki itakusaidia. Siku utakayoitoa, au utakayopiga ukiwa umeinama juu ya kichuguu, pete ya lenzi itakukata juu ya nyusi.

Kuhusu dhamana ya maisha: ni nzuri kuwa nayo, na inaonyesha mtengenezaji ana uso wa kuonekana. Hata hivyo darubini ikifa ukiwa ndani ya pori la Inyonga, barua ya dhamana haitalenga. Kutoka hapa hadi kiwandani na kurudi, msimu umekwisha. Mimi naipa dhamana nafasi ya mwisho kwenye orodha.

Nne, pete na besi

Nusu ya darubini ninazoletewa kwa madai kwamba zimekufa ni nzima kabisa. Kilicholegea ni chini yake.

Wenye Brno 602 au ndugu yake CZ 550 wana bahati, kwani reli ya kushikia pete imechongwa kwenye mwili wa bunduki wenyewe. Tafuta pete zenye jino linaloingia kwenye ule mtaro wa kuzuia zisiteleze, na ukumbuke jino likae likigusa ukuta wake kabla hujakaza. Kwa breki, pete inaweza kuteleza nyuma pia, basi zile ambazo jino lake linajaa mtaro pande zote ndizo za kuchukua.

Bunduki nyingine zinashika besi, yaani vipande vya kubebea pete, kwa skrubu nne ndogo. Kwa teke kubwa, fundi wa bunduki mwenye leseni anaweza kutoboa upya na kuweka skrubu nene zaidi, na ninapendekeza hivyo kwa .416 kwenda juu. Besi na pete ziwe za chuma cha pua au chuma cheusi. Aluminiamu bora ipo, ila mimi kwenye mshtuko wa pande mbili sijawahi kujuta kuongeza gramu chache za chuma mahali hapa.

Kabla ya kufunga, futa mafuta yote kwenye matundu, skrubu na ndani ya pete kwa spiriti. Mafuta ni adui. Besi zikae kavu, na skrubu zake zipate tone dogo la gundi ya nyuzi, ile inayofunguka kwa bisibisi. Kaza besi kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Kwa skrubu ndogo mara nyingi ni newtonmita 2 hadi 3. Vifuniko vya pete, newtonmita 1.7 hadi 2 vinatosha. Tumia bisibisi yenye kipimo. Najua wengi wanaamini mkono wao, nami niliamini wangu hadi nilipoupima.

Kukaza kupita kiasi ni kosa la wenye bunduki kubwa hasa, kwa sababu wanaogopa darubini itateleza. Wanaubana mrija hadi ule wa ndani unakwama, kisha wanailaumu darubini kwamba haifuati vifundo. Kaza vifuniko kwa kubadilishana kushoto na kulia, kidogo kidogo, nafasi kati ya nusu mbili ibaki sawa pande zote. Pete zikae mbali na kifundo na mbali na pale mrija unapoanza kupanuka. Acha milimita chache za hewa, ili darubini ikisogea kidogo, sehemu yake iliyopanuka isigonge pete.

Ukimaliza chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaopita kutoka kwenye pete hadi kwenye mrija, na mwingine kutoka kwenye pete hadi kwenye besi. Mstari ukivunjika siku moja, umejua nani amesogea.

Tano, usiache springi ikiwa imechoka

Hatua hii mafundi wengi hawaisemi. Zungusha kifundo cha juu hadi mwisho mmoja, kisha hesabu mibofyo hadi mwisho wa pili. Rudi nusu yake. Fanya vivyo hivyo kwa kifundo cha pembeni. Sasa mrija wa ndani uko katikati. Funga darubini, ondoa bolti, tazama shabaha ya mita 50 kupitia mtutu, kisha tazama kupitia darubini. Ikiwa msalaba uko mbali sana na shabaha, usikimbilie kuzungusha vifundo hadi mwisho. Mrija ukisukumwa hadi ukingoni, upande mmoja springi inabaki imenyooka na haina nguvu ya kuushika. Rekebisha besi au badilisha pete hadi msalaba ukaribie, halafu maliza kwa vifundo. Darubini ya bei ya wastani iliyo katikati ya safari yake imewahi kudumu mikononi mwangu kuliko ya bei kubwa iliyosukumwa ukingoni.

Sita, ipime kabla hujaiamini

Risasi za .375 ni ghali na hapa Tabora hazipatikani dukani kama sukari, kwa hiyo kila moja iwe na kazi. Nenda uwanja ulioruhusiwa, ziba masikio, tumia aina ile ile ya risasi utakayowindia.

Kabla hata ya kuifunga juu ya bunduki, chovya darubini kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto, kofia za vifundo zikiwa zimefungwa. Mapovu machache yaliyoshikwa nje yatapanda na kuisha. Mstari wa mapovu unaoendelea kutoka sehemu moja ni tundu. Kwa anayekwenda kwenye tindiga la Malagarasi na Moyowosi kutafuta nzohe, yule swala wa majini, kipimo hiki hakikwepeki. Ukungu wa asubuhi kule unaingia popote gesi kavu ya ndani ilipotoka.

Kisha piga tatu kwa mita 100. Zungusha kifundo cha juu mibofyo 20, piga moja. Pembeni 20, piga moja. Rudi chini 20, piga moja. Rudi pembeni 20, piga moja. Ya mwisho inapaswa kuungana na zile tatu za mwanzo. Kama mbofyo mmoja wa darubini yako ni sentimita moja kwa mita 100, kila upande wa mraba ule uwe na sentimita 20. Mraba ukiwa mdogo kuliko hesabu, au risasi ikikaa pale pale baada ya kuzungusha kifundo na kuruka kwenye risasi inayofuata, springi inakwama.

Halafu linakuja jaribio la breki. Ifunge, weka shabaha, piga 20 kwa vikundi vya tatu au vinne ukiacha mtutu upoe. Tazama mistari yako ya rangi baada ya kila kikundi. Darubini nyingi zenye kasoro nilizozikuta zilijionyesha kabla ya risasi ya ishirini. Mwishowe toa breki, weka shabaha upya, piga tatu. Bunduki iwekwe darini au ndani ya gari siku mbili, kisha irudishwe uwanjani bila kuguswa na upige moja tu, ya baridi. Risasi hiyo moja ndiyo inayofanana na ya porini.

Kuna dalili nyingine za kufuatilia. Tikisa karibu na sikio. Mlio wa kitu kinachocheza ni taarifa. Vikundi viwili vilivyobana vizuri, vikiwa mbali kimoja na kingine, vinaashiria mrija wenye makao mawili. Picha inayofifia kwenye ukuzaji mmoja na kung'aa kwenye mwingine inaashiria lenzi iliyosogea. Kabla ya kuitupa, funga darubini nyingine unayoiamini juu ya pete zile zile. Tatizo likibaki, kosa liko kwenye besi, kitako cha mbao kilichopasuka ndani, au skrubu za mwili.

Barabarani na kambini

Lami imefika mbali siku hizi, lakini barabara ya kuingia kitaluni ni ile ile ya mawimbi ya udongo. Gari likitikisika saa nne linalegeza skrubu kuliko risasi kumi. Bunduki isafiri ikiwa imelala juu ya godoro au blanketi, kamwe isiegemezwe darubini ikigusa bodi. Ukifika, kabla ya chai, piga moja kwenye karatasi.

Futa vumbi jekundu kwa brashi laini kwanza, kitambaa baadaye. Vumbi letu ni mchanga, ukilifuta kavu linachora kioo.

Beba darubini ya pili ndogo, ikiwa tayari ndani ya pete zake za kufungua haraka, na iwe imekwisha kupigiwa shabaha kwenye bunduki hiyo hiyo. Andika kwenye kipande cha plasta juu ya mrija wake umbali na aina ya risasi. Na usikubali bunduki ya nyati isiyo na shabaha za chuma, zile za kulengea bila darubini. Mgeni wa Sikonge alirudi mwaka uliofuata na .375 ile ile, bila breki, ikiwa na darubini ya 1.5 hadi 5 niliyomfungia mwenyewe. Siku ya nne alianguka kwenye korongo kavu, kioo cha mbele kikapasuka juu ya jiwe. Alifungua pete mbili kwa mkono, akampa mfuata nyayo darubini aishike, akasonga hadi mita 40, akampiga dume begani kwa shabaha za chuma. Dume huyo alikwenda hatua 60.